Namna ya Kumkinga Mzee Asianguke: Mwongozo kwa Wazee na Wanaowatunza

Mzee anapoanguka, walio karibu naye husema mara moja kwamba ni umri, na mazungumzo huishia hapo. Kauli hiyo ina madhara makubwa, kwa kuwa inawazuia watu kutafuta chanzo. Karibu kila anguko la mzee lina sababu zinazoweza kutajwa kwa jina: dawa aliyoanza kutumia wiki iliyopita, shinikizo la damu linaloshuka anaposimama, mapaja yaliyopungukiwa nguvu, mtoto wa jicho asiyetibiwa, au zulia lililokunjika ukingoni. Sababu hizo huungana mbili tatu kwa wakati mmoja, na nyingi zake hurekebishika.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na kundi linalopoteza watu wengi zaidi ni la wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Miongoni mwa waliotimiza miaka 65, takriban mmoja kati ya watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Mwaka 1988 daktari Mary Tinetti wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia kwa mwaka mmoja watu 336 wenye umri wa miaka 75 au zaidi waliokuwa wakiishi majumbani mwao. Kwa wale wasiokuwa na kihatarishi chochote, yaani jambo linaloongeza hatari ya kuanguka, uwezekano wa kuanguka ulikuwa asilimia 8. Kwa wale wenye vihatarishi vinne au zaidi, ulifika asilimia 78. Miongoni mwa vihatarishi hivyo kulikuwa na dawa za kutuliza na za usingizi, udhaifu wa miguu, kasoro za mwendo na matatizo ya nyayo. Kwa mtunzaji maana yake ni njema: si lazima uondoe kila hatari ndipo upate manufaa, kwa kuwa kila kihatarishi unachokiondoa kinapunguza uwezekano wa mzee kuanguka.

Anza kwa kuuliza na kuandika

Wazee wengi huficha kwamba wameanguka. Wanahofia kunyang'anywa funguo za nyumba, kuzuiwa kutoka peke yao, au kuonekana mzigo. Kwa hiyo usingoje aseme. Muulize kwa upole na kwa heshima, mkiwa wawili tu, kama ameanguka katika miezi 12 iliyopita, kama huhisi anayumba anaposimama au kutembea, na kama ana hofu ya kuanguka. Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo matatu linatosha kuwa sababu ya kuanza kuchunguza.

Akikiri kwamba ameanguka, mwombe asimulie anguko hilo hatua kwa hatua, kisha uandike: ilikuwa saa ngapi, alikuwa anatoka wapi kwenda wapi, alikuwa ametoka kulala au kula, alivaa nini miguuni, alihisi kizunguzungu kabla ya kuanguka au mguu ulikwama tu, alipoteza fahamu au anakumbuka kila kitu, na aliweza kuinuka mwenyewe au la. Daktari anayepewa maelezo ya namna hiyo hufika kwenye chanzo haraka. Mzee anayeanguka kila mara baada ya kuinuka kitandani ana tatizo tofauti kabisa na anayeanguka akigeuka jikoni, na yule asiyekumbuka namna alivyofika chini huenda alizimia, jambo linalohitaji moyo wake kupimwa bila kuchelewa.

Kuna vipimo viwili ambavyo familia inaweza kuvifanya nyumbani. Cha kwanza, mzee akae kwenye kiti imara, ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi na kukaa tena. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini na anahitaji kuonwa na mtaalamu. Cha pili, asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine, miguu ikiwa katika mstari mmoja. Akishindwa kudumu hivyo kwa sekunde 10, uwezo wake wa kujisawazisha umepungua. Mtunzaji asimame karibu kabisa wakati wote wa vipimo hivi, tayari kumdaka, na mzee asiyeweza kusimama bila kushikiliwa asipimwe kwa namna hii.

Dawa: mahali pa kwanza pa kutazama

Ningelazimika kuchagua jambo moja tu la kufanya wiki hii, ningechagua dawa. Hazihitaji ukarabati wa nyumba wala nguvu za mwili, na mara nyingi ndizo chanzo kilicho karibu zaidi. Kusanya kila kitu anachokimeza mzee, kiwe kimeandikwa na daktari, kimenunuliwa bila cheti, ni cha mitishamba au kimetolewa na jirani, ukitie katika mfuko mmoja na kumpelekea daktari au mfamasia. Mwombe apitie kimoja kimoja na kueleza kila dawa ni ya nini, kama bado inahitajika, na kama inaweza kumletea mzee usingizi, kizunguzungu au kushuka kwa shinikizo la damu. Mzee anayetumia dawa tano au zaidi anastahili mapitio hayo angalau mara moja kwa mwaka, na tena kila anapotoka hospitali, kwa kuwa hapo ndipo dawa mpya hujumlishwa na za zamani bila mtu kuondoa chochote.

Baadhi ya makundi yanahitaji jicho kali zaidi. Dawa za usingizi na za kutuliza wasiwasi za jamii ya diazepamu hubaki mwilini mwa mzee kwa muda mrefu kuliko kwa kijana, hivyo dozi ya usiku humfanya apepesuke asubuhi. Dawa za zamani za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klofeniramini, hununuliwa kirahisi na kudhaniwa hazina neno, ilhali huvuruga fikra za mzee, hukausha kinywa na hata kuzuia mkojo. Amitriptilini, inayotolewa kwa maumivu ya neva na sonona, ina tabia inayofanana na hiyo na pia hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama. Dawa za kisukari zinazoshusha sukari kupita kiasi, hasa insulini na glibenklamidi, huweza kumwangusha mzee aliyeruka mlo. Daktari Mark Beers na wenzake waliandaa mwaka 1991 orodha ya dawa zisizofaa kwa wazee, na orodha hiyo husahihishwa mara kwa mara hadi leo. Daktari wako anaweza kuitumia kulinganisha.

Hata hivyo, usiisimamishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Diazepamu na dawa za jamii yake, zikikatwa ghafla kwa mtu aliyezizoea, huweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi chini ya uangalizi. Dawa ya presha nayo, ikiachwa kienyeji, inaweza kugharimu kiharusi. Kazi ya familia ni kuuliza, kuandika na kufuatilia, na uamuzi ni wa daktari pamoja na mzee mwenyewe. Pombe pia ihesabiwe miongoni mwa dawa, kwa kuwa huongeza nguvu ya kila dawa inayoleta usingizi, na kiasi ambacho mwili ulikistahimili katika miaka ya 40 hauwezi tena kukistahimili katika miaka ya 70.

Shinikizo la damu linaposhuka mtu akisimama

Mtu anaposimama, damu huteremkia miguuni, na mwili wenye afya hukaza mishipa na kuongeza mapigo ya moyo ili ubongo usikose damu. Katika uzee, na zaidi kwa mwenye kisukari, ugonjwa wa Parkinson (wa neva, unaoleta kutetemeka na ukakamavu), upungufu wa maji au dawa za presha na za kukojosha, marekebisho hayo huchelewa. Mzee huona giza, kichwa kinakuwa chepesi, magoti yanalegea, naye anakwenda chini. Wengine hawahisi kizunguzungu chochote; huanguka tu.

Kupima ni rahisi ukiwa na mashine ya presha. Mzee alale kwa dakika 5, mpime, kisha asimame, umpime tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi, au ya chini ikishuka kwa 10 au zaidi, tatizo lipo na daktari ajulishwe. Nashangaa kwamba kipimo hiki chenye manufaa makubwa hivi hurukwa mara nyingi. Mzee hupimwa akiwa amekaa, huambiwa presha ni nzuri, na hakuna anayejua kinachotokea anapoinuka. Omba kipimo hicho kwa jina lake la wazi: presha ya kulala na ya kusimama.

Wakati mnasubiri ushauri, kuna taratibu zinazosaidia. Mzee asiinuke kitandani kwa mkupuo. Akae kwanza ukingoni kwa dakika moja au mbili, akunje na kukunjua vifundo vya miguu mara kumi au zaidi, akunje na kufumbua ngumi, kisha asimame akiwa ameshika kitu imara na kuhesabu hadi kumi kabla ya hatua ya kwanza. Akihisi kichwa chepesi, akae palepale. Baada ya mlo mkubwa damu nyingi huelekea tumboni, na presha huweza kushuka katika saa mbili zinazofuata. Milo midogo ya mara kwa mara humfaa zaidi. Kuoga kwa maji ya moto sana nako hupanua mishipa, hivyo maji yawe ya uvuguvugu na pawe na kiti bafuni. Maji ya kunywa yasingoje kiu, kwa kuwa hisia ya kiu hudhoofika uzeeni. Mtunzaji ampe kidogo kidogo mchana kutwa na kupunguza jioni ili asiamke usiku kwenda kukojoa, isipokuwa pale ambapo daktari ameweka kikomo cha maji kwa sababu ya moyo au figo. Kama dawa ya kukojosha humwamsha usiku, daktari aulizwe kama inaweza kunywewa asubuhi.

Nguvu za miguu hurudi hata katika umri wa miaka 80

Misuli hupungua na umri, lakini hupungua haraka zaidi kwa kukaa bila kuitumia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliolazwa kitandani kwa siku 10 walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Ndiyo sababu mzee anayelazwa hospitali kwa homa ya mapafu hurudi nyumbani amepona mapafu lakini hawezi kuinuka kwenye kiti. Jambo la kutia moyo ni kwamba misuli ya mzee bado huitikia mazoezi. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, yaliyojumuisha majaribio 108 na washiriki zaidi ya 23,000, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza idadi ya maanguko kwa asilimia 23, na yaliyofanya kazi vizuri zaidi ni yale ya kujisawazisha na ya kuiga shughuli za kila siku. Kutembea peke yake ni kuzuri kwa moyo lakini hakutoshi kumkinga mtu asianguke.

Mpango wa mazoezi wa Otago, uliobuniwa nchini New Zealand, ni mfano mzuri wa kufuata kwa sababu ulitengenezwa kwa ajili ya nyumbani: takriban nusu saa ya mazoezi ya miguu na ya kujisawazisha mara tatu kwa wiki, pamoja na matembezi siku nyingine. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha siku tatu au zaidi kwa wiki.

La msingi kuliko yote ni kuinuka na kukaa. Mzee akae kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, miguu ikanyage sakafu barabara, aegemee mbele mpaka pua ipite magoti, ainuke, kisha ashuke taratibu bila kujibwaga. Anayeshindwa atumie mikono kwenye viegemeo, na aanze na mara tano. Wiki hadi wiki aongeze hadi kumi, kisha mizunguko miwili, kisha apunguze msaada wa mikono. Zoezi hili hujenga mapaja na makalio, misuli ileile inayomwinua chooni na kumdaka anapojikwaa. La pili ni kuinuka kwa vidole na kushuka taratibu, halafu kuinua ncha za miguu visigino vikibaki chini, mikono ikiwa juu ya meza nzito isiyosogea. La tatu ni kusimama kwa kubana miguu, baadaye mguu mmoja ukiwa nusu hatua mbele, baadaye kisigino mbele ya vidole, na mwishowe kwa mguu mmoja, kila hatua kwa sekunde 10 kabla ya kwenda inayofuata. La nne ni kutembea kiupande ukifuata urefu wa meza.

Mazoezi ya kujisawazisha lazima yawe magumu kidogo. Yakiwa mepesi kabisa hayafundishi mwili chochote. Hapo ndipo wengi hukosea kwa huruma, wakimwachia mzee ayafanye amekaa tu ilhali anaweza kusimama. Afanye akiwa pembeni mwa kitu cha kushika, mtunzaji akiwa karibu, na aendelee kwa miezi, kwa kuwa faida hupotea akiacha. Maumivu kidogo ya misuli siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, kizunguzungu au maumivu makali ya kiungo ni amri ya kusimama na kuomba ushauri. Mwenye ugonjwa wa moyo usiotulia, au aliyevunjika mfupa karibuni, aonwe kwanza na mtaalamu wa fiziotherapia.

Misuli haijengeki bila chakula. Wataalamu wengi wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, zikigawanywa katika milo yote badala ya kurundikwa usiku. Mwenye ugonjwa wa figo afuate kiasi alichopangiwa na daktari. Kuhusu vitamini D, aliyepungukiwa apewe kwa kipimo. Dozi kubwa za mara moja si njia ya mkato: utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2010 uliwapa wanawake wazee yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka, na waliopewa walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wenzao.

Macho na nyayo

Macho yapimwe kila mwaka. Mtoto wa jicho asiachwe akomae kwa miaka. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wanawake wa zaidi ya miaka 70 waliofanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza bila kucheleweshwa walipunguza maanguko kwa asilimia 34. Miwani yenye sehemu ya juu ya kuonea mbali na ya chini ya kusomea hufanya ngazi zionekane zina ukungu, hivyo anayetembea sana nje aulize kuhusu miwani ya kuonea mbali pekee. Viatu viwe vya kubana kisigino, soli nyembamba kiasi na isiyoteleza. Ndala, soksi tupu na viatu vilivyolegea visitumike kutembelea. Mwenye kisukari akaguliwe nyayo kila siku, na ganzi yoyote iripotiwe, kwa kuwa mguu usiohisi sakafu haujui umekanyaga wapi.

Ipitie nyumba usiku

Watu hukagua nyumba mchana, taa zote zikiwaka, ilhali hatari kubwa iko kati ya kitanda na choo saa nane za usiku. Kwa hiyo fuata njia hiyo usiku, pamoja na mzee mwenyewe, na uangalie anachoshika. Kama anashika mlango, taulo au kiti chepesi, hapo panahitaji mhimili wa kushika uliofungwa ukutani kwa skrubu. Chuma cha kutundikia taulo hakijatengenezwa kubeba uzito wa mtu, nacho hung'oka siku anapokihitaji.

Weka taa hafifu isiyozimwa njiani, au tochi anayoifikia akiwa amelala. Kitanda kiwe na kimo kinachomwezesha kukaa ukingoni nyayo zikigusa sakafu na magoti yakiwa yamekunjwa pembe mraba. Kilicho chini sana kinamshinda kuinuka, na kilicho juu sana kinamtelezesha. Mikeka na mazulia madogo yasiyogandishwa sakafuni yaondolewe, nyaya zipitishwe kando ya ukuta, na vitu anavyovitumia kila siku viwekwe kati ya kiuno na mabega ili asipande kiti wala kuinama. Sakafu ya bafu iwe na mkeka wa mpira usioteleza, na ukingo wa kila kidato cha ngazi upakwe rangi inayotofautiana na kidato chenyewe. Mabadiliko haya yafanywe kwa ridhaa yake. Mzee anayekuta samani zake zimehamishwa bila kuulizwa huumia moyo, na usiku atatembea akifuata ramani ya zamani iliyo kichwani mwake.

Fimbo itumiwe ipasavyo. Mzee akisimama wima na mikono ikining'inia, mpini ulingane na mkunjo wa kifundo cha mkono, ili kiwiko kikunjike kidogo anapoishika. Ishikwe upande ulio mkabala na mguu dhaifu, isogee pamoja na mguu huo, na mpira wa chini ubadilishwe unapolika. Akipanda ngazi, mguu wenye nguvu utangulie. Akishuka, fimbo na mguu dhaifu vitangulie.

Akianguka

Usimwinue. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kwa anayempenda, lakini kumvuta kwa makwapa kunaweza kutegua bega lake na kuumiza mgongo wako, na kama nyonga imevunjika utaongeza madhara. Kaa naye chini, mzungumzishe, mwachie apumue. Muulize anaumia wapi na mtazame miguu: mguu mmoja ukionekana mfupi kuliko mwingine na unyayo umegeukia nje, na hawezi kuuinua, shuku mfupa wa nyonga umevunjika. Mfunike, usimpe chakula wala kinywaji, na uite gari la wagonjwa. Fanya hivyo pia akiwa amepoteza fahamu, ana maumivu makali ya shingo au mgongo, anatokwa damu nyingi, au uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri.

Asipokuwa na dalili hizo na akataka kuinuka, mwongoze afanye kwa nguvu zake. Ajigeuze ubavu, ajiinue kwa kiwiko, kisha apige magoti na mikono chini. Msogezee kiti imara mbele yake. Aweke mikono juu ya kiti, akanyage kwa mguu wenye nguvu, ajisukume na kugeuka kukaa, huku ukisogeza kiti cha pili nyuma yake. Apumzike kabla ya kusimama. Utaratibu huu ujifunzwe mapema, akiwa mzima, pamoja na mtaalamu. Anayeishi peke yake abebe simu mwilini hata bafuni, na wapange na ndugu au jirani saa maalumu ya kusalimiana kila siku, kwa kuwa kukaa sakafuni zaidi ya saa moja huleta vidonda vya mgandamizo, upungufu wa maji na kuharibika kwa misuli kunakoweza kuumiza figo.

Aliyegonga kichwa na anatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata akisema hajambo. Kwa wengine, endelea kumwangalia kwa wiki kadhaa: maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja huweza kuwa ishara ya damu kuvilia polepole ndani ya fuvu. Na mzee ambaye hakuwa na tabia ya kuanguka, akaanguka mara mbili ndani ya siku chache, apimwe maambukizi ya mkojo, mapafu na damu, kwa kuwa kwa wazee ugonjwa huweza kuanza na anguko kabla ya homa.

Hofu baada ya anguko

Baada ya kuanguka, mzee hupunguza kutoka, na familia humsaidia kupunguza zaidi: kaa tu, tutakuletea. Nia ni njema, lakini miguu inayokaa hudhoofika, na anguko linalofuata husogea karibu. Kumfunga au kumzungushia vizuizi vya kitanda si kinga, kwa sababu mzee aliyechanganyikiwa hujaribu kuvipanda na huanguka kutoka juu zaidi.

Muulize ni mahali gani hasa anapopaogopa. Kama ni ngazi, rudini ngazini pamoja, vidato viwili siku ya kwanza, ukiwa umesimama hatua moja chini yake wakati wa kushuka na nyuma yake wakati wa kupanda, mkono mmoja ukiwa kwenye mhimili wa kushika wa ngazi. Msifie kwa alichokifanya bila kumdekeza kama mtoto. Atakapovipanda vyote bila kukushika, sogea mbali kidogo, na baada ya siku chache sogea tena. Wewe mtunzaji nawe panga zamu na mtu mwingine kwa usiku angalau mmoja kila wiki, kwa kuwa anayelala vibaya mfululizo huchelewa kuona mzee anapopepesuka na hana nguvu ya kumshika.